Bi Macho Hakurudi kwa Koti

Da Zena,

Nimegombana na watu kwa ajili yako, na sijutii hata kidogo. Ijumaa iliyopita, huku huku Uarabuni, pale pale Al Baraha, kwenye chumba cha Atieno tulikokuwa tunakwenda siku zetu za mapumziko, nilivaa viatu nikaondoka chai ikiwa bado jikoni. Walikuita mwongo. Wewe hupo wa kujibu, basi nimejibu mimi, na kilichobaki nakuandikia.

Imetimia miezi minane. Ulisema unakwenda Pangani likizo, mwezi mmoja tu, na presha ikakuangusha huko huko. Mwanao alinipigia nikiwa napara samaki. Nilipiga ukelele, madam wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Akasema Allah yarhamha, akanipa dakika kumi nikanawe uso, kisha nikarudi kwa samaki wangu. Hata kukuzika sikukuzika. Hayo nimeyameza, lakini kukusikia unachekwa, hapana.

Ngoja nikupe habari ndogo ndogo kwanza, maana najua ungeanza nazo. Yule mwimbaji wa bongo fleva uliyesema anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, siku hizi anapigwa kila duka la Naif, na mimi, nisamehe, wimbo wake mpya naupenda. Uliyesema hafiki popote umeumbuka, dada. Tamthilia za Kihindi nazo wanazitia Kiarabu, na bado ni yale yale: mtu akiambiwa neno moja, uso wake unaonyeshwa mara tatu, radi inapiga, na kabla hajajibu kipindi kimekwisha. Za Kifilipino ndiyo kabisa, kila mmoja ana pacha aliyepotea. Mimi nabaki na Waturuki wetu. Wanakunywa chai mno na kutazamana mno, lakini angalau kulia wanajua. Na sheria yako naifuata: sinema ambayo mwanamke hampigi mtu kofi hata moja ni tangazo la sabuni.

Sasa mambo yenyewe. Ni ile tamthilia ya Kituruki ya Bi Macho, iliyotiwa Kiarabu. Majina yao halisi hatukuyashika, tukawapa yetu, yeye Bi Macho kwa yale macho yake, na mumewe Koti kwa sababu hata jua likiwaka alivaa koti refu. Madam wako pale Mirdif alikuwa haikosi, na wewe ukajipangia kupiga pasi saa ile ile, nyuma ya kochi lake. Ijumaa unakuja kutusimulia, na Atieno akiyapata marudio unakaa mbele ya runinga unatutafsiria. Miaka sita Uarabuni, nani angekubishia? Ulitafsiri kwa sauti zote, mpaka ya mama mkwe. Stelingi akinyamaza, ulimsemea hata anachofikiria.

Unakumbuka siku Koti alipompiga Bi Macho na kumtupia vitu vyake nje, mvua inanyesha? Chumba kizima kiliniangalia mimi, halafu kikaangalia pembeni. Wote walijua mume wangu Idi alinifanya nini kule Muheza, na kwa nini mkono wangu wa kushoto haunyooki.

Ilipofika sehemu ya mwisho, Idi alikuwa ameanza kunipigia simu. Amebadilika, pombe ameacha, nirudi nyumbani. Nilikuambia wewe peke yako kwamba nimeanza kulegea. Tukakaa kumaliza tamthilia. Bi Macho akaingia nyumbani kwa Koti, Koti analia, mama mkwe anamimina chai, wakakaa mezani wote, muziki ukapanda, ikaisha. Nikakuuliza, "Amerudi?" Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Arudi wapi? Amefuata cherehani yake. Anakunywa chai kwa adabu tu, halafu huyoo anakwenda zake."

Nikaamini. Nilipofika kwa madam wangu nikaizuia namba ya Idi.

Ijumaa iliyopita Atieno akaipata tamthilia nzima kwenye simu yake, ile ile ya Kiarabu, ina maandishi ya Kiingereza chini, akatusomea ile sehemu ya mwisho. Hakuna cherehani, Da Zena. Haikuwapo tangu mwanzo, Bi Macho alikuwa mwalimu wa shule. Anamsamehe Koti, anarudi, na wanapanga kuzaa mtoto. "Aki huyu mama alitucheza!" Atieno akapiga makofi. "Kiarabu chenyewe ni cha jikoni, na sisi tunameza tu!" Wakacheka mpaka machozi, na mimi mwenyewe nikaanza kucheka. Kisha akanigeukia. Hana ubaya Atieno, unamjua, lakini maneno yake yalikuwa haya: "Hata huyo wa TV alirudi kwa bwanake. Wewe unangoja nini?" Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, Idi ameanza tena kunitafuta kwa simu ya dada yake, na wote pale walijua sijamjibu.

Hapo ndipo nilipowaka. Kwamba Kiarabu chako kilikuwa cha jikoni, nani asiyejua? Jibi, shili, yalla, khalas: lete, ondoa, haya, basi. Lakini nilimwambia Atieno arudishe nyuma kidogo, tusikilize tu, asisome. Koti amemshika Bi Macho mkono, anasema neno moja tena na tena. Samihini, samihini. Kuna neno la jikoni kuliko hilo? Ndilo nililomwambia madam nilipovunja birika lake. Ndilo ulilonifundisha wewe wiki yangu ya kwanza: "Ukivunja kitu, hilo kwanza, maelezo baadaye." Ulilijua kabla yangu. Ulimsikia anaomba msamaha, ukamwona Bi Macho anaitikia kwa kichwa, ukanitazama mimi nilivyokaa pale sakafuni mdomo wazi, ukaamua.

Kumbe hukukosea. Ulidanganya makusudi, mbele ya watu, uso mkavu.

Nikawaambia aliyeharibu ni huyo mwandishi wa Kituruki, na Da Zena alimsahihisha. Mwanamke ametupiwa nguo zake mvuani, amevimba uso, halafu mwisho anamiminiwa chai na sote tupige makofi? Hiyo ndiyo hadithi? Mwenye kuitaka na aibebe aende nayo. Atieno akasema nimekuwa chizi, ndipo nikavaa viatu.

Nikuambie ukweli, nawe nimekukasirikia kidogo. Ungenivuta pembeni ukaniambia usirudi. Lakini najua nisingesikia. Mama yangu alinikataza Idi tangu mwanzo, nikambishia. Mashoga zangu walinikataza, nikanuna wiki nzima. Bi Macho sikumbishia. Miaka miwili nimeishi vizuri kwa sababu ya uongo wako, nimelala bila kusikiliza mlango, na leo hata ukweli umekuja umechelewa. Ningekuwa na wewe hapa ningekukumbatia mpaka uombe poo.

Jana nimempigia Idi mwenyewe, sikupitia kwa dada yake. Nilimwambia sirudi, na asinitafute tena. Akaanza kulia. Analia vizuri, siwezi kumnyima hilo, kuwashinda hata Waturuki. Nilingoja amalize, nikarudia maneno yale yale, nikakata simu. Mwigizaji hakuwapo wa kuniigizia, wala wewe wa kunitafsiria. Nimesema kwa mdomo wangu.

Pumzika, dada yangu. Mungu akurehemu, na uongo ule kama umeandikwa popote, mimi ndiye shahidi wako, nitaeleza ulivyokuwa. Mkataba ukiisha nitapanda ndege mpaka Dar, nichukue basi la Tanga, nije Pangani nisimame kaburini kwako nikusomee dua niliyokosa kukusomea siku ile. Njiani basi litasimama Muheza. Nakuahidi, Da Zena, sitashuka.

Mdogo wako,
Mwajuma