Koti la Rangi ya Machungwa

Pelkola, Michigan
7 Machi 1986

Mdogo wangu Taimi,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona kwenye jua lako. Natumaini u mzima wewe na Roger, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi huku hatujambo, ukituuliza juu juu. Theluji imefika madirishani, sauna tunaiwasha na kuoga mvuke kila Jumamosi, na mkate wa iliki naoka mimi siku hizi, ingawa Baba husema wako ulikuwa laini zaidi. Naanza na hilo makusudi, ujue moyo wangu umekaaje ninapokuandikia.

Ile picha ya bwawa lako la kuogelea Baba ameibandika kwenye friji. Yangu hajawahi kuibandika. Mtu unayemwona kila siku humbandiki ukutani, najua, ila kujua hakunizuii kuumia.

Kilima cha Ketola tulikokuwa tukiteleza thelujini huwezi kuwa umekisahau. Banda la chini ya kilima, sufuria za umeme za akina mama zimepangwa ukutani, ya Mama ikinukia supu ya mbaazi kuliko zote. Na lifti ya kutupandisha juu, yenye viti vya watu wawili wawili. Ilikuwa Baba na wewe, wewe na Baba. Mimi nilisimama kwenye foleni na skii zangu nikiita “Mmoja!” kama desturi yetu ilivyo, ili nipate mtu baki wa kupanda naye. Nimepanda na wachimba madini wenye hangova, na mjane Impi Saari akanisimulia operesheni zake zote tangu ya kwanza. Nikigeuka nyuma nawaona nyinyi wawili mmejifunika blanketi moja, mnacheka. Nilikuonea wivu, Taimi, hadi supu ya Mama nikawa naiacha bakulini. Na wala usidhani wivu huo umezeeka. Niliyezeeka ni mimi.

Desemba msimu ulipofunguliwa nikajiambia, haya, sasa ni zamu yangu. Mama amelala kaburini, Taimi yuko jangwani, mzee amebaki kuwa wangu. Nikapanda naye. Njia nzima alinieleza jinsi wewe ulivyokuwa ukikata kona! Tukaanza kushuka, mimi mbele na koti langu jipya la rangi ya machungwa, yeye nyuma. Nilipofika chini, Baba hayupo.

Nilihangaika mpaka vijana wa uokoaji wakaja kuniambia kwamba mzee Arvo yuko upande wa pili wa kilima, na kwamba mke wa mwenye duka la dawa analalamika: mzee huyu amemfuata kona kwa kona mpaka kwenye gari lake. Mama yule naye alikuwa na koti la rangi ya machungwa.

Bandani watu walicheka mpaka machozi. Wakamwambia kumbe Arvo bado wamo, hata wake za watu hawaachi. Baba akacheka nao. Tulipoingia garini hakucheka.

“Helvi,” aliniambia, “katikati ya macho yangu hakuna kitu tena. Naona pembeni tu. Nilikuwa nafuata rangi.”

Daktari alikuwa amekwisha mwambia kwamba ugonjwa huo hauna dawa, na kwamba majira yajayo ya baridi huenda hata rangi asizione. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi, akasema, “Taimi asijue. Yeye anikumbuke nilivyokuwa.”

Nilisikitika, mdogo wangu. Lakini Mungu anisamehe, nilifurahi pia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha Baba ambacho wewe hukuwa nacho. Tangu hapo kila Jumamosi nashuka polepole mbele yake nikimwitia kushoto, kulia, naye ananifuata. Ukipiga simu akakwambia ni mzima kabisa, mimi niko palepale jikoni, naimung'unya siri yangu kama peremende.

Jumamosi iliyopita, tukiwa juu kwenye kiti, aligeuza kichwa pembeni akitazama wanaoshuka. Nikamuuliza anawaza nini.

“Ningependa nimwone Taimi akishuka, mara moja tu, kabla giza halijafunga,” alisema. “Lakini usimwite. Atalia.”

Nikamjibu sawa, Baba. Nilikasirika hivi kwamba nilichelewa kumwitia kona, nusura nimgongeshe kwenye msonobari. Msimu mzima mimi ndiye macho yake, na anachotaka kutazama ni wewe. Nililia jioni nikiwa peke yangu saunani, nikatoka nimekasirika vilevile. Wiki nzima nimejaribu kukaa kimya, na kila asubuhi namwona akipapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake.

Basi ndiyo maana ya barua hii. Lifti ya Ketola inafungwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Njoo. Vaa nguo nyekundu, ushuke upande wake wa kushoto, jicho la upande huo lina nafuu. Akiuliza nani amekwambia, nitaje bila kuficha, na akinikasirikia nitavumilia. Tangu nizaliwe, siri hii ndiyo kitu pekee alichonipa mimi bila wewe. Sasa nimekupa, na roho inaniuma.

Msalimu sana Roger, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Kitanda chako nimekwisha kitandika.

Ni mimi dada yako,
Helvi