Waliomwagwa Njia Panda

Kismayu, 20 Oktoba 1934

Dada yangu mpenzi Mwanalima,

Salamu nyingi kutoka kwa nduguyo. Natumai umzima, na kile kikohozi kimekuacha, na watu wote wa Chovai wako salama. Mimi sijambo, mgongo tu unaniuma kwa kukaa kwenye usukani kutwa.

Umeuliza mbona nimenyamaza miezi miwili. Dada, mji ulikuwa hauna njia. Mataliani waliifunga njia panda yote, pale njia ya bandarini inapokutana na ya Gobweni na ya Afmadu, wakaivunja na kuijenga upya. Sasa imefunguliwa. Wameinyanyua kwa mawe hadi kimo cha mtu, katikati wameweka ukuta wa duara, na kila gari lazima liuzunguke ukuta huo. Hakuna kukata. Siku ya kwanza dereva mmoja Msomali alikata katikati kama alivyozoea miaka yote. Alichapwa viboko kumi palepale, na sisi wengine tukapangwa mstari tutazame. Rafiki yangu Khamis, ambaye alifunzwa gari na Waingereza zamani zile za kwenda kwa mkono wa kushoto, aliliacha lori lake akauzunguka ukuta kwa miguu mara tatu, midomo ikimtembea kama mtoto anayehifadhi sura.

Ubaya wa barabara yenyewe ni kwamba imelalia nje. Ukipinda, lori linavutwa upande wa mchangani. Madereva wote tunalijua. Tulimwambia muhandisi, naye akasema barabara haina kosa, wenye kosa ni sisi ambao juzi tulikuwa tukiendesha punda. Basi tumeacha kusema, tunacheka tu.

Na tunacheka kweli! Ukibeba abiria nyuma, unalegeza komeo la mlango wa nyuma, unapinda kwa kasi, wote wanamwagika mchangani kama dagaa. Mchanga ni laini, haumii mtu. Juzi amemwagwa karani wa forodha, kofia huku, viatu kule, na bado ameshika mwavuli. Sisi tumekaa mkahawani kwa Badi, ng'ambo ya barabara, tunalia machozi. Mmoja wetu huinua kofia yake kumjulisha dereva kwamba hakuna askari karibu. Ningependa uone.

Nduguyo mdogo,
Famau


Chovai, 9 Novemba 1934

Ndugu yangu Famau,

Nimepokea salamu zako. Kikohozi kimekwisha. Mwili mzima, hayo mengine utayasoma.

Barua yako niliwasomea wanawake kisimani. Zaituni alicheka hata mtungi ukamponyoka. Nilicheka siku mbili. Siku ya tatu Mbwana alikuja akakaa kizingitini, akasema, "Nimeoa kule kisiwani Kudha." Hakusema anataka kuoa, wala anafikiria. Ameoa. Miaka kumi na minne nimempikia, nimemfulia, nimeshika ncha ya pili ya kila ubao alioupigilia kwenye mashua za watu, na neno nililopata ni hilo moja.

Anaitwa Hafswa. Ana miaka kumi na tisa na meno meupe, na anacheka kwa kila jambo. Amenisalimu kwa kunibusu mkono. Mbwana anamjengea nyumba nyuma ya yangu, nami nikifagia nasikia nyundo.

Sasa sikiliza. Kabla ya Ramadhani watakuja Kismayu kununua misumari na vyombo, kisha watakwenda Gobweni kumsalimia mjomba wake. Nataka wamwagwe. Nataka iwe mchana, mkahawa umejaa. Nataka yule binti amwone mumewe na mchanga mdomoni, na Mbwana asikie mji mzima ukimcheka kama mimi ninavyochekwa hapa. Usipeleke lori lako, atakutambua. Mpe Khamis.

Usiniulize kama nimefikiri. Kama nilikulea baada ya mama kufa, nifanyie hili moja. Mbwana hajui kusoma, kwa hiyo ukishamaliza niandikie yote bila kuacha kitu.

Dada yako,
Mwanalima


Kismayu, 2 Desemba 1934

Dada Mwanalima,

Nakusalimu. Sijui nikuulize vipi habari za afya, na wewe usiniulize zangu.

Ulisema nisiache kitu. Khamis hakutaka. Alisema, "Huyo ni shemeji yako, Famau, si karani." Nikamwambia ni mzaha wa jamaa, dada mwenyewe ameutaka. Akakubali kwa ajili yangu.

Walipanda lori bandarini saa nne za asubuhi. Mimi nilikuwa kwa Badi na madereva wengine saba. Lori lilipotokeza nikaona kwamba Mbwana amekaa mbele na Khamis. Nyuma alikuwa binti peke yake, juu ya masanduku, ameshika ushungi kwa mkono mmoja. Jambo la pili, asubuhi ile mafundi walikuwa wameshusha mawe ya kuchongwa pale mchangani, ya kujengea ukingo. Niliyaona yakishushwa wakati nakunywa kahawa. Nilijiambia yako mbali kidogo.

Khamis alipunguza mwendo, akanitazama. Alitaka nimwambie hapana. Dada, watu wote mkahawani walikuwa wameshasimama, wameanza kucheka kabla, na wote wananitazama mimi. Niliinua kofia.

Aliangukia mawe kwa mgongo. Wengine waliendelea kucheka, maana kwa mbali ilionekana kama siku zote. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine.

Yu hai. Daktari amesema miguu haitarudi. Mbwana hajui lolote, anadhani komeo lilikuwa bovu. Khamis amekamatwa. Alipochukuliwa alipita karibu nami.

Nifanye nini?

Nduguyo,
Famau


Chovai, 15 Januari 1935

Famau,

Idi imepita, nawe Mungu akupe afya. Huku hatukuvaa kitu kipya.

Wamemleta kwa mashua, amefungwa juu ya ubao kama mzigo wa boriti. Wanaume wanne walimbeba kutoka ufukweni. Nyumba yake haijaezekwa, basi Mbwana akasema, "Mwanalima, mpokee kwako." Watu wote walikuwa wakinitazama. Nikampokea.

Analala chumbani mwangu, kwenye kitanda changu. Namwosha, namgeuza asubuhi na jioni asitoke vidonda, na vidonda vimetoka vivyo hivyo. Anajikojolea bila kujua, kisha anasikia harufu, anajifunika uso. Ananiita dada. Jana nilipokuwa nikimchana nywele alisema, "Wengine wangenitupa." Nilitoka nje nikafua shuka lake.

Wanawake wananisifu. Zaituni amesema pepo nimeshaipata.

Hafswa amesikia kwamba una barua za kuchekesha. Ananiomba nimsomee. Kwa hiyo kuanzia sasa andika karatasi mbili: moja ya kusomwa na moja yangu. Ile barua yako ya Oktoba nimeichoma.

Ulimwuliza nani ufanye nini? Mimi? Nenda kwa huyo hakimu wao useme ukweli, au usiende. Lakini jina langu usilitie.

Dada yako,
Mwanalima


Kismayu, 24 Machi 1935

Dada,

Natumai umzima, na mgonjwa ana nafuu. Karatasi ya kusomwa iko ndani ya hii. Nimeandika habari ya mbuzi aliyepanda juu ya ule ukuta wa duara akakataa kushuka. Ni uongo, hakuna mbuzi.

Hii ni yako. Khamis amehukumiwa miaka mitatu mashamba ya pamba, mtoni. Hukumu ilisomwa palepale njia panda, ili madereva wote tuisikie. Muhandisi alituuliza mbele ya watu, mmoja mmoja, "Barabara ina kosa?" Wa kwanza akasema haina. Wa pili haina. Ilipofika zamu yangu Khamis alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, minyororo mkononi. Nikasema haina. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei sokoni.

Wala hakunitaja. Walimpiga ili aseme kwa nini komeo lilikuwa wazi. Alisema alisahau.

Mimi nimepewa lori lake. Ni jipya kuliko langu.

Nduguyo,
Famau


Chovai, 11 Juni 1935

Famau,

Salamu. Keti kabla ya kusoma.

Juma lililopita Mbwana aliniambia faraghani kwamba atamwacha Hafswa, amrudishe Kudha kwa mama yake. "Mwanamke gani huyu," alisema, "na mimi ningali kijana." Yule mama ni kipofu, hawezi hata kuchota maji. Nilijua kule atakufa mwezi mmoja. Na nakwambia ukweli, Famau, nilifurahi. Nilianza kumkunjia nguo zake.

Aliniona. Akasema, "Dada, kaa hapa."

Nikakaa.

Akasema, "Siku ile nilipoanguka, mtu mmoja alikuja mbio, akaninyanyua kichwa. Alikuwa akilia. Akasema, 'Mwanalima hakutaka hivi.' Mimi namjua Mwanalima mmoja tu."

Hukuniandikia hilo. Nilikwambia usiache kitu.

Nikamwuliza, "Umelijua miezi yote hii, na unaniita dada?"

"Ningekuita nani? Wewe ndiye uliyekuwa na kijiko cha uji."

Hakupaza sauti. Alisema hataki kwenda Kudha. Alisema nikamwombe Mbwana asimwache, na niape kumlea mpaka mmoja wetu afe, na nikikataa atamwambia Mbwana na kisiwa kizima. Kisha akasema, "Wanawake wa kisimani wameniambia ulicheka siku mbili. Mimi pia nataka kucheka. Ndugu yako aandike kila mwezi, habari za njia panda, waliomwagwa walivyokuwa. Si mbuzi. Watu."

Nilikwenda kwa Mbwana nikapiga magoti. Alishangaa mpaka machozi yakamtoka. Akanibusu kipaji cha uso, akasema hajapata kuona moyo kama wangu.

Andika, Famau. Kila mwezi.

Dada yako,
Mwanalima


Kismayu, 22 Septemba 1935

Dada yangu,

Nakusalimu, na nakuomba radhi kwa miezi mitatu.

Khamis amekufa mtoni. Mkewe aliletewa habari na askari aliyekuwa akipita tu. Wamesema ni homa. Wenzake waliotoka huko wanasema alikuwa akivuta jembe badala ya ng'ombe.

Subiri, kuna zaidi. Mji umejaa askari, wanataka kupigana na Wahabeshi. Mwezi uliopita lori lao la kwanza lilifika njia panda, likaanza kuuzunguka ukuta, likapinduka. Mataliani wawili walikufa. Kesho yake alfajiri walileta watu mia wakauvunja ukuta wote, wakaisawazisha barabara. Ilikuwa kazi ya siku moja, dada. Muhandisi alisimama palepale aliposimama siku ya hukumu, akawaeleza wakubwa kwamba barabara ilikuwa imelalia nje. Alichora kwa fimbo mchangani, kama tulivyomchorea sisi. Madereva walimtazama, hakuna aliyecheka wala kukasirika. Mmoja tu alitema mate, akapanda lori lake akaenda.

Kwa hiyo hamwagwi mtu tena. Sasa unapita bila hata kupunguza mwendo. Mimi ninapofika pale mikono inakataa kupinda. Jana nililisimamisha lori katikati, magari nyuma yakipiga honi, mpaka askari akanichapa.

Wanakusanya madereva kwenda kaskazini na jeshi. Wengine wanajificha visiwani. Mimi nimekwenda mwenyewe nikaandikisha jina. Tunaondoka keshokutwa.

Mwambie Hafswa sina habari za kumchekesha. Usinisubiri.

Nduguyo,
Famau


Chovai, 18 Februari 1936

Famau ndugu yangu,

Sijui kama u mzima. Barua hii nampa nahodha aipeleke kwa Badi, huenda kuna dereva wa kwenda huko mliko. Ni ya tatu. Zile mbili hazikujibiwa.

Mbwana ameoa tena, safari hii kisiwa cha Fuma. Ile nyumba ya nyuma ameimaliza, anakaa humo na mke wake mpya. Asubuhi anapita dirishani anatusalimu sote wawili kwa pamoja, "Hamjambo wanawake," kisha anakwenda kwenye mashua yake.

Hafswa amekonda, lakini hafi. Daktari alisema miezi sita. Sasa ni kumi na tano. Vidonda vyake navijua kuliko uso wangu.

Sikumwambia kwamba umeondoka. Mwezi wa Oktoba ulipofika mwisho aliuliza, "Barua imekuja?" Nikasema imekuja. Nilichukua karatasi, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikamsomea habari za bwana harusi aliyemwagwa na kilemba chake. Alicheka. Novemba nikamsomea mwuza maziwa. Desemba, kadhi. Nimekwisha kumwaga nusu ya watu wa Kismayu, Famau, na sijapata kuiona hiyo njia panda kwa macho yangu.

Jana nilimsomea bibi mmoja mnene na kuku wake sita. Nilikuwa nimechoka, nikakosea, nikawataja kuku saba. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi. Hajui kusoma. Akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Haina wino, dada," akasema. "Endelea."

Nikaendelea.

Dada yako,
Mwanalima