Kikao cha Dharura Kuhusu Aneth Kuchelewa Mapigo

KIKUNDI CHA NGOMA YA MUHEME TUMAINI, MAKUTUPORA
Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, 14 Juni 2025, chumba cha kwaya

WALIOHUDHURIA
Bw. Ulimboka – Mwenyekiti
Mzee Matonya – Mlezi na mwalimu wa ngoma
Bi. Evelina – Mjumbe
Bi. Paulina – Katibu
Mwalikwa: Joha, kiongozi wa timu ya simu, binti wa Mwenyekiti

WASIOHUDHURIA
Bi. Restuta – yuko msibani Kibaigwa, Mungu awafariji.
Bw. Castory – bila taarifa, kama tulivyomzoea.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Katibu aliongoza sala na kuombea ndimi za wajumbe. Kwa jinsi nyuso zilivyokuwa, sala ilirefushwa kidogo.

KUMB. NA. 2/2025: TIMU YA SIMU
Mwenyekiti alieleza kwamba timu yetu ya mabinti watatu kwenye mashindano ya ngoma ya mtandaoni imeshindwa mara mbili mfululizo, na ikishindwa Jumamosi ijayo mbele ya kikundi cha Tabora, inatolewa. Kwa wasioujua mchezo huu: alama hushuka kwenye kioo cha simu, na mchezaji hugusa kioo alama inapofika mstarini. Kila mtu hucheza alipo, na sauti za wenzake humjia kwa mtandao. Joha na Yudith huchezea hapa chumbani. Aneth huchezea Mvumi, anakomuuguza mama yake.

Mwenyekiti alisema Aneth anachelewa kila pigo. Alipendekeza aondolewe leo hii.

Bi. Evelina, ambaye ni mama mdogo wa Aneth, aliuliza kama Mwenyekiti amesahau kwamba ni Aneth aliyemfundisha Joha kushika ngoma. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Bi. Evelina alisema basi liingizwe. Katibu hakuliingiza, ila amelisikia.

KUMB. NA. 3/2025: KUMJARIBU ANETH
Iliamuliwa Aneth apigiwe kwa simu ya Katibu, sauti iwekwe kubwa. Aliwaamkia wazee na kusema mama anaendelea vizuri, Bwana asifiwe. Mzee Matonya alimuuliza anapigaje.

"Kama ulivyotufundisha, babu. Namsikia kwanza Joha akianza, ndipo naitikia."

Mzee aliridhika sana. Mwenyekiti akapiga makofi ili Aneth aitikie. "Mmeona? Kachelewa!" Bi. Evelina akaomba sasa Aneth aanze yeye, Mwenyekiti aitikie. Mwenyekiti alipiga makofi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Samahani, baba," Aneth alisema. "Na wewe umechelewa."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alirudia, akaambiwa vilevile.

Hapo Joha alieleza kwamba sauti hukawia njiani. Aneth akingoja kusikia, ameshachelewa; nao huku wakimsikia amechelewa, wanamngoja, ngoma inazidi kuwa nzito mpaka inakufa. Dawa ni kila mmoja azime sauti za wenzake, afuate alama za kioo chake tu. Alipoulizwa amelijua hilo tangu lini, alisema tangu pambano la kwanza. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alimtazama baba yake, kisha sakafu.

Mzee Matonya alikataa katakata. "Ngoma humsikii mwenzako? Hiyo si muheme, hiyo ni kutwanga karanga!" Baada ya kubembelezwa alikubali, lakini kwa simu tu. Kwenye ngoma ya ngozi masikio yabaki palepale.

KUMB. NA. 4/2025: HATIMA YA ANETH
Wajumbe waliafiki abaki. Mwenyekiti alisema sawa, ila yeye bado ana wasiwasi, kwa kuwa shangazi wa Aneth ameolewa Tabora, na huenda binti anavuta miguu makusudi.

Mzee Matonya alimwambia hayo maneno atayala mwenyewe. Kabla Mwenyekiti hajajibu, sauti ilitoka mezani: "Baba Joha, bado nipo hewani."

Katibu anakiri kwamba hakuna aliyekumbuka kukata simu.

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimesema vibaya." Hakukuwa na jibu. Haikujulikana kama ni mtandao au ni yeye amenyamaza. Mwenyekiti alitaka kurudia, Mzee akamwashiria asubiri. Tulisubiri. Katibu aliomba kimoyomoyo.

Hatimaye Aneth alisema, "Nimekusamehe, baba. Wewe hukujua. Joha alijua, akaniacha nitukanwe. Kama ananitaka Jumamosi, aniambie mwenyewe, si mbele ya kikao."

Joha alichukua simu, akatoka nje.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Hayakuwapo. Kupitia dirisha Joha alionekana amechuchumaa ukutani, analia na kuongea. Kikao kilifungwa saa kumi na nusu. Joha alikuwa bado yuko nje na simu, na Katibu hakuidai.

Ulimboka, Mwenyekiti ……………
Paulina, Katibu ……………