Bahasha Kumi na Tatu za Makaburini

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwahi, maana kikao cha chama cha wafanyakazi ni Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi. Jina langu usiliweke. Mimi ni karani wa halmashauri, idara ya vizazi na vifo, huu mwaka wa tisa, ndiye ninayeandika vibali vya maziko, kwa hiyo kila asubuhi wachimba makaburi hupita dirishani kwangu kuchukua orodha ya siku, na ndivyo nilivyozoeana nao, hasa mkubwa wao ambaye watu wote humwita Sururu, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, asiyepita bila kuniuliza nimeamkaje na baba watoto anaendeleaje. Baba yangu alipofariki ni Sururu aliyemchimbia, siku ya mvua, na watu walipotawanyika niligeuka nikamwona amerudi peke yake anasawazisha udongo ambao hakuna aliyemwagiza ausawazishe.

Sasa, Mama, mwaka jana chama chetu cha wafanyakazi kilianza kampeni ya nyongeza ya mishahara. Mishahara ilikuwa haijaguswa miaka minne, wafagia barabara wanavaa buti kwa zamu, huyu akivua yule anaingiza mguu zingali na joto, sisi makarani kalamu tunajinunulia, wachimba makaburi glavu walizisikia kwenye hotuba, na kila tukiuliza tunajibiwa bajeti ni finyu na mtu anayetuambia hivyo anapandisha kioo cha gari jipya. Mimi ni mwakilishi wa chama katika idara yetu, na sikuwa mwakilishi wa kusukumwa, nilivaa fulana ya kampeni, niligawa vikaratasi, nilipanda juu ya benchi pale karakana nikasema anayeogopa arudi kwao akalale, watu wakanipigia makofi na mimi nikajiona mtu.

Mazungumzo na wakubwa yalipovunjika tukakubaliana tupige kura ya mgomo. Kanuni yetu ni kwamba wasipopiga angalau nusu ya wanachama wote, kura nzima imekufa, hata kama wote waliopiga wamesema ndiyo. Sanduku liliwekwa ukumbini siku moja tu, Ijumaa, mwisho saa kumi jioni. Makaburini ni mbali na siku hiyo walikuwa na maziko saba, kwa hiyo wenyewe wakapiga kura kwenye bahasha, wakazifunga, na Sururu akaja nazo asubuhi akaniwekea mkononi zimefungwa kwa uzi wa katani. Akaniambia, "Binti yangu, hizi ni shingo zetu kumi na tatu. Zifikishe."

Mama, nakuapia nilikuwa nazipeleka. Kura yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaitia, nilisema ndiyo. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la taka hapo hapo halmashauri, kwa mkataba wa miezi sita sita, alikuwa ameniambia maneno kwa upole kabisa, hata hakuniomba kitu. Alisema, "Mgomo ukipita, wa kwanza kutoka ni mimi." Akageukia ukutani. Basi maneno hayo yalinikaa kama mfupa. Saa tisa nilichukua bahasha nikaelekea ukumbini, nikapita mlango wa chumba cha rejesta za zamani, nikaingia, nikasema nikae dakika mbili nipumue. Kiti kimoja, vumbi, saa ya ukutani. Nilikaa. Ikafika na nusu nikiwa nimekaa, ikafika saa kumi, nikasikia meza ya ukumbini inaburutwa, nikajua wanafunga. Sikuamua, Mama. Naomba uniamini hapo, sikuamua kitu, nilikaa tu.

Tulipungukiwa watu tisa. Tisa, na mimi nilikuwa na kumi na tatu mapajani.

Matokeo yalibandikwa idara kwa idara. Makaburini: hakuna. Katibu wetu wa tawi, fundi bomba wa idara ya maji, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kula cha mtu, akaniuliza mbele ya watu kama nilipokea bahasha za wachimba makaburi, nikasema nilizipokea na nikazitia sandukuni, lakini nilisema nikiangalia sakafu. Na watu, Mama, watu wakanielewa kinyume. Wakasema karani ana moyo mzuri, anawafichia aibu wale wazee walioogopa wakaleta hadithi. Nilipotoka mfagiaji mmoja alinishika mkono akaniambia Mungu anilipe.

Tangu hapo hakuna anayewasalimu wachimba makaburi, wanasalimiana wao kwa wao. Wanaitwa Idara ya Sifuri. Mwezi uliopita mfagiaji mwingine alifiwa na mama yake, akasema kaburi watachimba wajomba zake kwa majembe ya nyumbani, kuliko mama yake kushushwa na waoga. Kibali nimekiandika mimi. Sururu alikwenda hivyo hivyo, akasimama nje ya uzio na kofia mkononi mpaka wakamaliza.

Nyongeza haikuja. Na miezi miwili baadaye kazi ya taka ikapewa kampuni ya mtu binafsi, madereva wote wa mkataba wakaambiwa ahsanteni, mume wangu naye. Sasa anashinda sebuleni na watu wakija kumpa pole anawaambia, "Wale wachimba makaburi wametuchimbia na sisi. Tungegoma tungekuwa kazini." Mimi naingia jikoni najifanya natafuta chumvi.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Sururu anajua walipiga kura, na ananiamini mimi, kwa hiyo kwa hesabu yake mwizi ni katibu aliyesimamia sanduku, na kwa bahati mbaya katibu alikuwa amepandishwa kuwa msimamizi wa mafundi wiki tatu baada ya kura. Sururu alimfuata karakana akamwambia mbele ya mafundi wote, "Umezila kura zetu ukapewa kiti." Katibu akampeleka kwenye chama kwa kumkashifu. Jumamosi ni ama Sururu afukuzwe chamani, yeye aliyekuwa mwanachama kabla mimi sijajua kusoma, ama katibu avuliwe ukatibu kama mwizi. Na shahidi aliyeitwa ni mmoja, mimi. Sururu alipita akaniambia nisiwe na wasiwasi, niseme tu ukweli, yeye ameshawaambia wenzake kwamba binti huyu hawezi kusema uongo.

Bahasha ninazo bado, chini ya droo ya ofisi, na uzi wake. Je, nizichome? Au nizitume ofisi ya chama bila jina ili ionekane kura zilikuwepo na mzee apone? Nikisema, nitaivunja nyumba yangu, maana mume wangu ameshapoteza kazi na hili litammaliza, ninachofanya ni kumlinda. Nisaidie, Mama.

Ni mimi niliyekaa.

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, na huruma hiyo siirudishi. Kuogopa mume asije akakosa kazi si dhambi, na anayekucheka kwa hofu hiyo hajawahi kuishi kwa mkataba wa miezi sita. Pole na yeye, pole na wewe, na aibu iwe kwa wale waliowaachia watu wazima buti moja kwa miguu minne.

Mara ya pili huruma iliisha nilipofika kwenye kile kiti. Unasema hukuamua, ulikaa tu. Mwanangu, anayekaa saa nzima na amana ya watu mapajani, akitazama saa, ameamua. Kura yako wewe ungeichana, ungeila, ungeitia ya hapana, ni yako. Zile zilikuwa na wenyewe. Tena walikuwa wanafukia watu mchana ule wakijua wamekuachia wewe sauti yao. Walikudanganya lini wale, hata ukaona wao ndio wa kubeba kosa lako?

Na usiniambie unamlinda mumeo. Hukumlinda hata siku ile, maana alitoka. Leo unamwacha awatukane wasiomkosea, sebuleni kwako, mbele ya wageni, na wewe unatafuta chumvi. Siku akijua, litakalomchoma si kwamba ulimwogopea. Ni kwamba ulimwacha aseme.

Umeniuliza uzichome. Ukizichoma, Jumamosi utakuwa umebaki na mdomo tu, na mdomo huo tumeshauona. Umeniuliza uzitume bila jina. Fikiri kidogo. Bahasha zikitokea zenyewe ofisini, nani ataonekana alikuwa amezificha akaona moto umekaribia? Katibu. Utamwokoa mmoja kwa kumzika mwingine, na wote wawili ni wasafi kuliko sisi tunaoandikiana.

Nimelificha jina lako kama ulivyoomba. Lakini gazeti hili linatoka leo Alhamisi, na halmashauri zenye karani wa vibali na mchimba makaburi aliyemkashifu katibu si nyingi kama unavyotaka kuamini. Nadhani ulilijua hilo ulipobandika stempu. Ulitaka gazeti likusemee. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini wewe umenifunulia mimi nisiyekujua ukaacha kumfunulia mkunga. Una siku mbili. Fanya hivi.

Leo, kabla jua halijazama, mwambie mumeo. Mkalishe, zima redio, mwambie kwa sentensi fupi: kura za makaburini nilizikalia mimi. Usianze na "uliniambia wewe." Hakukutuma. Alisema anaogopa, na mtu ana haki ya kuogopa nyumbani kwake bila mke kugeuza hofu yake kuwa agizo. Akitoka akapige matembezi, mwache atembee. Akinyamaza siku tatu, pika.

Kesho Ijumaa, mwandikie katibu karatasi moja, utie sahihi, umwombe shauri la mzee lisifunguliwe kabla wewe hujasema. Mpe mkononi, karakana, mafundi wakiwepo. Alitukanwa hapo, asafishwe hapo.

Jumamosi, nenda na bahasha na uzi wake. Usizifungue, waliozifunga wapo na wana mikono. Ziweke mezani useme, "Walipiga kura wote kumi na tatu. Mimi ndiye sikuzifikisha, na nilipoulizwa nilidanganya." Kisha uvue uwakilishi hapo hapo, usingoje kuvuliwa. Baba yako usimtaje, mvua usiitaje, mkataba wa mumeo usiutaje. Kila ukiongeza neno utakuwa unajitafutia mto wa kuangukia. Watu watakuzomea. Huyo mfagiaji aliyekuombea kwa Mungu huenda akakutemea mate, na yule aliyemzika mama yake kwa majembe ya nyumbani hutakuwa na la kumwambia maisha yako yote. Ndivyo ilivyo. Hakuna ushauri wa kuondoa hilo, na ningekupa ningekuwa tapeli.

Wakikutoa chamani, toka. Siku watakapoanza kampeni nyingine, maana mishahara bado iko pale pale na wakubwa wamefurahi sana kuwaona mnaitana waoga, waulize kama wanahitaji mtu wa kufagia ukumbi.

Na jambo la mwisho, ambalo najua utatamani kulivunja. Sururu usimwendee faragha, wala usimlilie. Ukimlilia, mzee yule nilivyomsoma atakuhurumia, atakuwekea mkono begani akubembeleze, na hiyo itakuwa kazi nyingine amewafanyia watu bila malipo.