Bega Lako Kwenye Ingobyi

Rugarama, Masisi
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Jean-Bosco,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi yetu, wewe uliye kwenye joto la msitu. Unaendeleaje huko Mpofi ya Walikale? Homa imekuachia? Na duka je, wanaopita kwenda machimbo ya Bisie bado wananunua kwako au mvua imewazuia? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anakohoa asubuhi, lakini shambani anakwenda. Maharage yametoa maua. Mihogo ya bondeni imeanza kuoza kwa maji.

Najua macho yako yameshaanza kutafuta jina la mkeo. Geneviève ni mzima. Mengine nitakuambia mahali pake, nawe usiruke mistari, kwa sababu leo nina hasira na wewe na nataka uisome yote.

Barua yako Papa Evode aliifikisha ikiwa imelowa, lakini maneno hayakufutika. Umeandika: "Ni haya gani hii, mutoto mwanamuke mwenye diploma anabeba watu ku bega bure, sawa salongo? Acha hiyo. Nimetuma franga ya kulipa Honoré, yeye atabeba mu fasi yangu." Nimeyasoma mpaka nimeyajua kwa moyo, na kila mara nakwama kwenye neno moja: salongo.

Kaka, salongo unaijua. Ni mtu mwenye bunduki anayekuamsha Jumamosi ukafyeke barabara atakayopita yeye, na usipokwenda unachapwa. Unathubutuje kuliita jina hilo jambo lililombeba baba yetu? Papa alipoumwa tumbo, majirani walimlaza kwenye ingobyi, ile machela ya matete na miti miwili, wakashuka naye mpaka santre ya afya. Alipokufa wakampandisha nayo hadi nyumbani, wakipokezana bila kumtua chini. Hakuna aliyewaamuru. Hakuna aliyetuomba kitu. Siku ya mazishi ulisimama wewe mwenyewe, ukasema mbele ya watu kwamba bega lako ni la kilima hiki.

Kisha ukaenda zako Walikale. Sikulaumu kwa kutafuta maisha. Ila bega ulikwenda nalo, na desturi hujaisahau: kila nyumba inatoa mtu, na nyumba isiyobeba haibebwi. Mwezi wa nane, baada ya ibada, Papa Sebarenzi, mkubwa wa ingobyi, alisimama akasema nyumba yetu inaitwa na haiji. Alisema kwa upole. Lakini Geneviève alikuwa ameketi pale, tumbo limeshamtangulia, na watu wote wakamgeukia. Damu ilinipanda. Nikasema nitabeba mimi.

Walicheka.

"Mwanamuke habebaka ingobyi, mwanangu," akasema Sebarenzi.

Nikamwuliza, "Papa Sebarenzi, na wewe mwanzo nani alikubebaka? Na mu nini?"

Kwetu neno ni lile lile: nguo ya kumfungia mtoto mgongoni ni ingobyi, na machela ya mgonjwa ni ingobyi. Pale hapakuwa na mwanaume ambaye hakubebwa na mwanamke ndani ya ingobyi kabla ya kujua kutembea. Wamama wakaanza kuangua kicheko kule nyuma. Ndipo mmoja akatafuta sababu nyingine: "Sawa, lakini atabeba na nani? Huyu njo mufupi hivi!" Kwa maana wabebaji hupangwa wawili wawili kwa urefu, la sivyo mgonjwa anateleza.

"Na mimi," akajibu Dusabimana. "Tangu zamani natafuta mutu mufupi. Munanivunjaka shingo, ninyi warefu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia, na hiyo ndiyo aibu uliyosimuliwa huko Mpofi.

Unauliza napata nini. Tangu nirudi kutoka Goma na hiyo diploma, niliishi ndani ya kichwa changu kama mtu aliyefungiwa chumbani. Niliweza kueleza taabu za nchi kwa Kifaransa kizuri, na sikujua mlango wa mama Libérata unatazama wapi. Tulipombeba mjane huyo nilijifunza kwamba ukiharakisha unamwangusha, na ukizubaa unamwangusha pia. Unatembea kwa pumzi za wengine. Nilirudi mabega yakiwaka moto, nikapata usingizi ambao sikuwa nao tangu nirudi. Na Habineza na Dusabimana, wale waliopelekana kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba, chini ya miti ile wanaambiana, "Jiwe hapo, angalia muguu." Chifu hakuweza kuwafikisha hapo. Hiyo ndiyo bure unayoidharau.

Lakini barua yako ilipofika, Mama alisema wewe ni mkubwa, utiiwe. Nikatii nikisaga meno. Sebarenzi naye, kwa heshima ya Mama, akakubali. Honoré akawekwa pamoja na Habineza, kwenye nafasi yako ya zamani, kwa kuwa ni mrefu kama wewe.

Jumatano iliyopita, asubuhi, uchungu ukamshika Geneviève. Mkunga alimpapasa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, tusikawie. Wakamlaza kwenye ingobyi. Mimi nikafuata nyuma na mfuko wa nguo, kama mgeni. Tulipofika mtoni, mvua ilikuwa imechukua daraja la miti na maji yalifika mapajani. Honoré akasimama.

"Mimi nililipiwa njia," akasema. "Sikulipiwa muto."

Akautua upande wake juu ya jiwe, kaka. Mkeo alikuwa amelala pale juu, ameuma kitenge.

Honoré simchukii. Alikuuzia ulichotaka kununua, yaani bega, na bega peke yake halivuki mto. Hasira yangu ni kwako, uliyedhani kitu hiki kina bei.

Nikatupa mfuko. Nikakunja gunia, nikaliweka begani ili nipande kidogo, nikaingia chini ya mti wa ingobyi. Bado nilikuwa mfupi. Ndipo Habineza, mrefu vile unavyomjua, akakunja magoti mpaka tukalingana, akavuka mto mzima hivyo hivyo, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Aliyesema ni Geneviève, pale juu, katikati ya maumivu yake:

"Adelaïde, shika muzuri! Huyu mutoto hakulipiwa!"

Tulicheka ndani ya maji, sote.

Umepata binti. Alizaliwa santre kabla ya mchana, kwa shida, lakini alilia kwa sauti iliyomfanya Sebarenzi avue kofia nje ya dirisha. Jana tulirudi nyumbani, wanaume wakiwa wamelaza miti mingine mtoni: Geneviève kwenye ingobyi kubwa, na mtoto kwenye ingobyi ndogo, mgongoni mwangu.

Hana jina bado. Mama anasema baba ndiye atakayempa. Sawa. Lakini usilitume ndani ya barua, wala usimlipe mtu alilete. Na usithubutu tena kutuma chochote kwa ajili ya bega. Nimerudi kwenye zamu na Dusabimana, na hilo Mama ameshalibariki.

Nisalimie sana shangazi Brigitte wa Walikale na watoto wake wote. Mama anakusalimu, anasema ufunike kifua usiku. Geneviève anakusalimu kwa maneno ambayo atakuambia mwenyewe. Mama Libérata anakuombea. Mungu aliyetuvusha mto akuvushe na wewe, akurudishe ukiwa mzima.

Habineza magoti yamevimba tangu siku ile, na jana alikuja kubeba hivyo hivyo, akijikunja ili alingane na Dusabimana. Nafasi yako karibu naye iko wazi. Honoré hakurudi, na warefu wengine wana wenzao. Njoo, kaka. Mpe mtoto jina, na Habineza anyooke.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Adelaïde