Sketi ya Zawadi

Jumanne, baada ya isha

Leo daktari alimpima binti yangu Zawadi kwa ultrasaundi, akanionyesha utumbo kwenye skrini: sehemu moja inacheza vizuri, nyingine ukuta wake umevimba, imekakamaa kama bomba.

"Mzee wangu, hii si minyoo. Nashuku ugonjwa wa Krons, uvimbe sugu wa utumbo. Aende Dar kwa kipimo cha MRI."

Mwaka mzima analia tumbo, nami namnywesha dawa ya minyoo!

Daktari akauliza kama mtoto amepungua uzito. Mimi, fundi cherehani mzima wa Mwanga, nimeibana sketi yake ya shule mara tatu huku nikimtania kwamba anataka urembo.

Nje nikamwomba Zawadi msamaha. Akacheka.

"Baba, mimi nimefurahi. Niliogopa hata daktari naye atasema nadeka."