Ufagio Wangu na Gazoni ya Papa Aaron

Mshauri wetu mpendwa, Mama Léonie,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikipita nikiwa bado nimenyamaza, msichana wa watu atapoteza kazi kwa ajili yangu, na nikisema, mume wangu atajua kwamba mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mama wa watoto wanne, niliyaonea wivu majani. Majani, Mama Léonie, si mwanamke. Au labda na mwanamke pia, sijui, ndiyo sababu nakuandikia. Majina yote nimeyabadilisha.

Tulihamia nyumba yetu mpya mwezi wa nane, baada ya miaka kumi na miwili ya kujenga kidogo kidogo, na mbele ya nyumba kulibaki uwanja mtupu, udongo mwekundu uliokanyagwa na magari ya mchanga hadi ukawa mgumu kama saruji. Mimi nilifurahi. Nimezaliwa Sakania, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na mama yangu alikuwa anafagia lupango letu, yaani kiwanja chetu chote, kila asubuhi kabla ya jua kupanda, hadi unaona mistari ya ufagio toka mlangoni mpaka barabarani, na jani likiota hata moja analing'oa kwa vidole na kusema, "Majani mu lupango ni uvivu ya bibi." Basi siku mume wangu, Papa Aaron, aliporudi kutoka ofisini mjini akasema anataka gazoni, majani mafupi ya kupandwa, mbele ya nyumba, nilicheka. Akaniambia, "Mama Aaron, kuya tuchague pamoja." Aliniomba mara tatu, siwezi kudanganya, na mara ya tatu nikamjibu, "Mi sikuolewa juu ya kuchunga majani. Majani iko ya mbuzi."

Akatafuta mtu mwingine. Angalau angetafuta mzee mwenye mvi! Alimleta Keren, msichana wa miaka ishirini na sita aliyesomea kilimo, buti za plastiki miguuni, kitambaa kichwani, sauti ya chini ambayo inakulazimisha usogee ili usikie, na mume wangu alikuwa anasogea kweli. Huyu mwanaume ambaye sijawahi kumwona na jembe mkononi akaanza kuamka mapema kabla ya kazi ili wachimbe pamoja, wakalegeza udongo kina cha uma wa bustani, wakaondoa mawe, misumari na vipande vya saruji vya mafundi, na kila akipata msumari anampelekea Keren kumwonyesha, kama mtoto aliyeng'oka jino.

Nilijaribu kuingia, Mama Léonie, nisionekane mgeni kwangu. Nikasema waagize udongo wa kichuguu wautandaze juu, ule tunaofyatulia matofali, maana unalala sawa na ukiufagia unang'aa. Keren akanijibu kwa adabu zake, "Mama, ule udongo iko ya matofali. Ikikauka inakuwa nguvu, maji haipite, mizizi haipite." Na Papa Aaron, bila hata kunitazama, akasema, "Umusikie, anajua."

Umusikie, anajua. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijayasikia maneno hayo yakisemwa juu yangu, hata juu ya chumvi.

Wakaleta udongo mweusi kutoka dembo, kule bondeni maji yanakokaa, wakachanganya na mbolea ya kuku iliyooza vizuri, wakasawazisha kwa kamba na ubao, wakamwagia maji, wakaacha utulie siku kumi. Siku ya kumi asubuhi Papa Aaron alikuwa anaoga, simu yake ikalia mezani, na mimi, ndiyo, nilisoma. Ulikuwa ujumbe wa Keren: "Bonjour papa. Kitanda iko tayari, iko laini sana. Kesho asubui tunalalisha. Usiache bantu bakanyange."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kesho yake nikaaga naenda misa, nikafika kwenye kona, nikavua viatu na kurudi navyo mkononi. Nikawakuta wote wawili wamepiga magoti juu ya ubao, wanapanga vipande vya majani yenye udongo wake kimoja kando ya kingine, kama mafundi wa vigae, na mume wangu anavishindilia kwa kiganja pole pole, akainua kichwa amejaa matope mpaka kwenye nyusi, akasema, "Mama Aaron, kuya uone!" Hapo nikaelewa kwamba kitanda ni ule udongo, ndivyo wanavyouita wenye kazi hiyo, na kinacholalishwa ni majani. Nilielewa kabisa. Lakini wivu ukishaingia hautoki kwa kuelezwa maneno, na mimi nilichokiona pale ni mikono yao minne kwenye udongo mmoja.

Keren akatuambia wiki tatu mtu asikanyage, maji asubuhi na jioni, "acha ishike mizizi." Basi kila jioni mume wangu anatoka kazini na kabla ya kuingia ndani anachuchumaa, anainua kona ya kipande, anachungulia, anapiga kelele, "Imeshika, Mama Aaron! Imeshika kidogo!" Mimi hata kama nimeamka na homa hachungulii.

Siku ya tano alipotoka kwenda kazini nikachukua ufagio wa uwanja, ule wa vijiti vigumu, nikafagia gazoni. Sikufagia kwa upole. Nilivuta kwa nguvu, nikirudi nyuma kama mama yangu, na pale kona ilipoinuka nikapita tena. Nani atamshitaki mwanamke kwa kufagia lupango lake? Nikafanya hivyo siku sita mfululizo, na nikienda kuanika nguo nikawa nakatiza juu yake na viatu vya kanisani, vile vyenye visigino vyembamba. Halafu mvua iliyokuwa imeanza ikakatika, jua likawaka wiki nzima, na gazoni ikawa ya manjano, kingo zikajikunja.

Papa Aaron akamwita Keren. Alimwita mbele ya Papa Liévin, jirani yetu, ambaye alikuwa amekwisha kupatana naye amtengenezee uwanja wake kabla ya Noeli, akamwambia, "Kazi yako ni mubaya, mutoto." Papa Liévin akatikisa kichwa, akasema yeye sasa atatafuta mtu mwingine, labda akiona Keren amerekebisha hii vizuri ndiyo atafikiri tena. Keren akapiga magoti, akapitisha mkono juu ya majani, ukasimama. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa mbele. Aliona mistari. Akatazama ufagio ukutani, vijiti vyake bado vina nyuzi za mizizi, halafu akanitazama mimi, na mimi nikajua nimekwisha.

Akamgeukia mume wangu, akasema, "Iko kosa yangu, papa. Jua ilikuwa kali. Nitaanza tena siku ya posho," yaani Jumamosi.

Na unajua Papa Aaron alisema nini walipoondoka? "Ule mutoto iko na roho muzuri, anakubali kosa." Yaani hata kosa langu mimi, anayesifiwa ni yeye! Kwa nini hakunitaja? Anataka nini? Niseme au ninyamaze? Na kama nikisema, nifanye nini ili baada ya Jumamosi asikanyage tena kwangu?

Mimi,
Mama Ufagio, Lubumbashi

Mama Ufagio,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, pale penye kitanda. Mara ya pili sikucheka, maana nilikuwa najua kwamba mbele kuna binti atakayepiga magoti kati ya wanaume wawili na kubeba kosa ambalo si lake.

Unauliza useme au unyamaze. Utasema, mama, hilo hata halihitaji mshauri, na hutamnong'oneza mume wako chumbani halafu ukajiona umetubu. Keren aliaibishwa uwanjani, na atasafishwa uwanjani, mbele ya Papa Liévin yule yule aliyetikisa kichwa. Swali lako la kweli ni lile la mwisho, ulilolibana chini kabisa ya ukurasa: namna ya kumfukuza. Hilo silijibu. Umekwisha kumfukuza nusu, na jirani yako anamalizia.

Umeuliza anataka nini. Mimi simjui, lakini nawajua wasichana wanaofanya kazi kwenye malupango ya watu. Angesema "ni mama aliyefagia," nani angemwamini, wewe mwenye nyumba au yeye mwenye buti? Na nani angempa kazi tena, msichana anayeshitaki wake za watu? Hakukusitiri kwa sababu ya mume wako. Alikusitiri kwa sababu hakuwa na pa kusimama, na hapo alipokuwa amesimama ulipang'oa wewe.

Sasa nikuonyeshe kitu kilicho katika barua yako mwenyewe. "Kuya tuchague pamoja," mara tatu. "Kuya uone," ukiwa umejificha na viatu mkononi. "Imeshika, Mama Aaron." Nimehesabu: mara tano huyo mwanaume amekuita, na jina alilokuwa anapiga kelele ni lako. Mwanaume anayeficha mwanamke hamwiti mke wake aje aone. Nafasi ile kwenye ubao ilikuwa yako, ukamjibu habari za mbuzi, halafu ukashangaa kumkuta mtu ameikalia.

Lakini pia sitasema umeota. "Umusikie, anajua" ni neno linalouma, hasa kwa mwanamke aliyevumilia miaka kumi na miwili ya kuta zisizoisha. Mwambie lilikuuma. Mwambie kwa mdomo, maana ulimwambia kwa vijiti vya ufagio na yeye akafikiri ni jua. Na wewe Papa Aaron, najua wanaume mnausoma ukurasa huu mkijifanya mnatafuta habari za mpira: mizizi ya majani unaichungulia kila jioni, mke wako je?

Mama yako wa Sakania simgusi. Alifagia ili nyoka na uchafu visikaribie watoto wake. Wewe ulifagia ili kitu kife. Usimtie yule mama katika jambo hili.

Haya, kazi. Ijumaa Papa Aaron akirudi, mpokee uwanjani kabla hajachuchumaa, mpe ufagio ule ule mkononi, usiuoshe, aone mizizi. Umwambie ulifanya nini na siku ngapi. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki, usimkatize kwa machozi. Halafu kesho yake asubuhi mwite Papa Liévin mwenyewe, usimtume mtoto, Keren akiwepo, ukayarudie maneno yale yale: "Kazi yake ilikuwa muzuri. Ni mimi niliiharibu." Ni maneno machache. Yanapita kooni kwa shida, lakini yanapita.

Baada ya hapo vaa nguo ya zamani, vua hivyo visigino, upige magoti kwenye ubao kando ya Keren. Muombe radhi pale pale chini, mkiwa mnatazamana, si wewe umesimama na yeye ameinama. Vuta kila kipande kidogo: kikigoma, kimeshika, kiache, hata kama kina manjano, maji yatakirudisha. Kikinyanyuka kama mkeka, kiondoe, legeza udongo wa chini, weka kipya, kibane na mwenzake kusiwe na mwanya, shindilia kwa kiganja, mwagia maji mpaka yafike chini kabisa. Wiki tatu bila mguu wa mtu, na wa kwako ndio wa kwanza kukatazwa. Udongo wa kichuguu uache kwa matofali, hapo binti alisema kweli, na kukubali kwamba anajua hakukupunguzii kitu.

Ufagio usiuchome. Upeleke nyuma ya nyumba. Muombe mume wako upande ule ubaki bila jani hata moja, uwe wako, ufagie mistari yako kila asubuhi toka jikoni mpaka ukutani kama ulivyofundishwa, na siku moja umwite aje aone. Na wewe pia una kitu unachokijua.

Jumamosi hiyo usiinuke pale chini mpaka Papa Liévin ataje mbele yako siku ambayo Keren ataanza kazi kwake. Asiseme "tutaona." Ataje siku. Akishaitaja, kabla hujanawa, chukua simu na hivyo vidole vya matope umwandikie mume wako, hata kama yuko hatua tano tu kutoka hapo: "Kitanda iko tayari."

Akikuuliza kitanda gani, hapo ushauri wangu umekwisha, mama.

Mama Léonie